Kiatu cha Baba Juu ya Tuta la Bwawa

Kile kipande cha mpira unachong'ata ili upumue chini ya maji kinanuka katambuga, zile ndara za tairi. Hakuna aliyekuwa amenionya. Siku nne za mazoezi kwenye bwawa la kuogelea, dawa ya maji ilikuwa imeifunika harufu hiyo. Siku ya tano tulikuwa bandarini, jua limeuchoma mpira tangu asubuhi, na nilipoutia mdomoni nilinusa tairi lililokatwa kwa kisu. Mara ile ile nikaiona miguu ya baba, yenye vumbi jekundu mpaka magotini.

"Mama, uko sawa?" aliniuliza Rehema.

Rehema ni mwalimu wangu wa kuzamia, binti wa pwani, rika moja na mwanangu wa kwanza. Siku ya kwanza aliniamkia shikamoo kwa adabu zote, na tangu hapo amekuwa akiniamrisha bila aibu. Vuta pumzi, toa pumzi, usibane pumzi, mama, hata ukiogopa usibane. Tukashuka tumeshika kamba. Nilibana pua na kupuliza ili masikio yasiume, na nilipoona nimeweza nikamwonyesha dole gumba kwa furaha. Papo hapo akanikamata mkono na kunipandisha juu.

"Kuna nini, mama?"

"Hakuna kitu. Nilikuwa nakwambia niko vizuri."

"Mama jamani. Dole gumba ni kwamba tupande. Vizuri ni hivi," akaunganisha kidole cha shahada na gumba kuwa duara.

Hilo alikuwa amenifundisha kila siku. Lakini mimi ni muuza nafaka wa Majengo, Dodoma. Miaka yote nimemwinulia dole gumba dereva wa fuso kumwambia gari limerudi nyuma vizuri, na mkono haukusubiri kuulizwa. Wenzangu sokoni wangeliona hilo wangepata la kunitania mwaka mzima. Tayari Mama Salama, jirani yangu wa meza anayetoka Kondoa, alikuwa ameniaga kwa kuniuliza, "Wewe Mgogo, maji ya kuoga tu yanakushinda, huko chini unafuata nini?" Nilicheka naye.

Rehema alicheka mpaka ikabidi avue miwani amwage maji. Tukaelea pale tukingoja kicheko chake kiishe. Chini yetu, mita saba tu, lilikuwa limelala tishari la mizigo alilofia baba yangu. Watu wa gatini walikuwa wamenihakikishia kuwa ni lile lile, halijaguswa, siku hizi wanafunzi wa kuzamia ndio wanaopelekwa kulitazama kwa kuwa maji yake si marefu. Rehema hakujua. Nilikuwa nimemwambia tu kwamba ninapenda kuona chombo kilichozama.

Nilizaliwa kijiji cha ndani, mwendo wa saa mbili kwa miguu kutoka Buigiri. Tulikuwa na bwawa moja, lililozibwa kwa tuta refu la udongo. Mvua zikinyesha lilijaa, na kila chenye uhai kikahamia pale: ng'ombe, punda, akina mama na ndoo zao, na sisi watoto tuliojifunza kuogelea kwa kukumbatia dumu tupu. Mvua zikikata lilianza kurudi nyuma, kila siku hatua moja. Mwezi wa kumi kilibaki kidimbwi katikati na tope lililopasuka pande zote. Watu wazima walilitazama tope hilo kwa huzuni. Sisi tulilishangilia, kwa sababu lilirudisha kila kitu.

Lilirudisha ndoo, majembe, sufuria zilizomponyoka mtu akisugua, kandambili za mguu mmoja, mara moja hata redio ya mchungaji. Mlinzi wa bwawa, Mzee Ndahani, aliviokota na kuvipanga kwa mstari juu ya tuta. Hapo ndipo palipokuwa na desturi ambayo sijaiona mahali pengine. Huwezi kuchukua chako mpaka ueleze ulivyokipoteza. Kusema tu ndoo ni yangu hakukutosha, maana ndoo zilifanana. Ulisimama mbele ya watu ukasema ilikuwa siku gani, ulikuwa na nani, ulikuwa unafanya nini hata ikakuponyoka. Na Mzee Ndahani alikuwa kiziwi. Aliinamisha kichwa, akaziba jicho moja, sijui kwa nini jicho, akasema, "Sema kwa nguvu, sijasikia." Kwa hiyo kijiji kizima kilisikia. Mama mmoja alilazimika kupaza sauti kwamba chungu kile hakikumponyoka, alikitupa mwenyewe kwa hasira kwa kuwa kilikuwa cha mama mkwe wake, na mama mkwe alikuwa amesimama pale pale na kata yake mkononi.

Kisichodaiwa mpaka mvua ya kwanza kilirudishwa kwenye tope. Walisema bwawa limekitaka.

Kwa hiyo mimi nilikua nikijua jambo moja kwa hakika: maji hayachukui kitu moja kwa moja. Yanakaa nacho tu mpaka kiangazi. Sikufundishwa na mtu, nililiona kwa macho yangu kila mwaka, na sikuwa na sababu ya kudhani kwamba kuna maji ya namna nyingine duniani.

Mwaka ninaousema mvua ilikata katikati, uwele ukakauka kabla ya kubeba. Baba akasikia kwamba bandarini wanahitaji watu wa kupakia na kupakua mizigo. Alikuwa na jozi moja ya viatu, vyeusi, vya ngozi, vya kanisani, alivyovipaka mafuta ya mgando kila Jumamosi. Alivitoa siku moja kabla akaviweka mlangoni. Nilivitazama vile viatu vilivyoelekezwa nje, nikajua anaondoka.

Asubuhi ya safari, alipokwenda nyuma ya zizi kuoga, nilichukua kiatu cha kulia nikakimbia nacho bwawani. Bwawa bado lilikuwa na maji mengi. Nilikirusha kwa nguvu zangu zote. Kilielea kidogo, kikanywa maji, kikazama. Hesabu yangu ilikuwa rahisi. Hakuna mtu mzima anayesafiri na kiatu kimoja, na kiatu hicho kitarudi mwezi wa kumi, basi baba atakaa nasi mpaka mwezi wa kumi. Nilirudi nyumbani nikirukaruka. Sikumbuki kama niliwahi tena kuwa na furaha ya namna ile.

Baba alikitafuta. Aliinama chini ya kitanda, akaangalia nyuma ya ghala, akainua mpaka kuku aliyekuwa anaatamia. Mama alisimama tu na kitambaa cha chakula cha safari mkononi. Kisha baba akaketi kwenye kigoda, akavuta katambuga zake za shambani, zile za tairi, ambazo jua lilikuwa limezichoma mpaka zikanuka, akazivaa.

"Basi nitakwenda hivi hivi," alisema. "Bandarini hawaangalii miguu ya mtu." Akaniita. "Mama, njoo." Baba aliniita mama kwa sababu nimerithi jina la mama yake. Sikwenda. Nilikuwa nimenuna, nimeshika nguzo ya mlango, na nilimkasirikia kwa kuiharibu hesabu yangu. Akaja yeye, akaniwekea mkono kichwani. "Hicho kimoja nitunzieni," alimwambia mama. "Nikirudi nitakivaa." Akaondoka kufuata njia ya barabara kuu, na mimi sikumpungia mkono.

Mwezi wa nane alikuja mwanamume aliyekuwa akifanya kazi pamoja na baba. Kwetu kukajaa watu, wanaume wakakaa upande wao kwenye mbao. Nilikuwa nimepewa kikombe cha uji, nikaenda nacho nyuma ya wale wanaume, nikamsikia akieleza. Tishari lilikuwa limejazwa mzigo kupita kiasi, likalala ubavu karibu kabisa na gati. Wengine walipatikana, baba hakupatikana. Maji pale si marefu, alisema, ndiyo maana inauma. Na sitaha ilikuwa imemwagika mafuta, inateleza, hakuna aliyeweza kusimama.

Katika yote hayo nilibeba maneno mawili. La kwanza, maji si marefu. Sikulia kwenye matanga yale, na watu walinisifu kwamba nina moyo mgumu. Sikuwa na moyo mgumu. Nilikuwa najua kwamba kiangazi kimeshaanza. Wageni walipoondoka nilimfuata mama alikokuwa anapepeta uwele wa kuomba, nikamuuliza, "Bahari inakauka mwezi wa ngapi?"

Ungo ulisimama hewani. Mama akaushusha magotini. "Bahari ni kubwa, mwanangu," alisema. "Inachelewa."

Jibu hilo nililiishi miaka miwili na zaidi. Nilimwachia baba nafasi yake kwenye mkeka wa kulia chakula, na mdogo wangu akisogea nilimsukuma.

Neno la pili lilikuwa inateleza. Katambuga za baba zilikuwa zimelika chini, laini kabisa, hata kwenye mawe ya bwawani alikuwa akizivua. Viatu vya kanisani vilikuwa na soli ya kushika. Nililijua hilo kwa sababu mimi ndiye niliyevishika. Sikumwambia mtu yeyote. Nilikaa nalo kimya, mtoto ambaye hata darasa la kwanza hajaanza, na usiniulize lilikuwa na uzito gani.

Mwezi wa kumi bwawa likatoa kiatu.

Nilikuwa nimesimama mstari wa mbele na kindoo changu. Mzee Ndahani aliinua jembe, likadaiwa, likaelezwa. Akainua sinia, likadaiwa. Kisha akashika kamba ya kiatu, akakining'iniza juu, tope likidondoka.

"Kiatu. Kimoja. Cha mwanaume. Nani?"

Akina mama wakacheka. Nani aje bwawani na kiatu kimoja? Mama yangu hakuwepo, alikuwa bado anakaa ndani kwa msiba. Nilikitaka kile kiatu kuliko chakula. Nilitaka kukiosha, kukipaka mafuta, kukiweka mlangoni kikiwa kimeelekezwa ndani. Nilichotakiwa kufanya ni kusema tu. Nikafungua mdomo.

Mzee Ndahani aliniona. Akainama, akaziba jicho. "Wewe mtoto, unasema? Sema kwa nguvu, sijasikia."

"Sijasema kitu," nilisema.

Akakirudisha kwenye mstari. Wiki nzima, kisha wiki nyingine, nilipita pale na kindoo changu. Vitu vilipungua, kiatu kikabaki. Jua lilikikausha mpaka ngozi ikawa ngumu na ncha ikajikunja kutazama juu. Pakiwa hapana watu nilikigusa. Asubuhi moja, mawingu yakiwa yameanza kujikusanya, nilikuta pale kilipokuwa pana alama tu kwenye vumbi. Watoto wenzangu walisema ni fisi, kwa sababu fisi wa kwetu hula hata mshipi wa suruali. Nikaamini. Nilijisikia mwepesi. Wepesi ule ndio ulionitia aibu miaka yote iliyofuata, maana niliona bora fisi ale kiatu cha baba kuliko mimi kusema.

Darasa la tatu mwalimu alitufundisha habari za bahari. Nikanyoosha mkono, nikauliza inakauka mwezi wa ngapi. Darasa zima likaanguka kwa kicheko, na mpaka namaliza shule kuna walioniita Kiangazi. Siku ile nilirudi nyumbani nikamlilia baba kwa mara ya kwanza. Mama hakuniuliza kilichotokea. Alikuwa na mahindi ya kupukuchua, akayaacha, akanilaza mapajani mchana kutwa.

Mama amefariki mwaka huu, mvua za masika zikielekea ukingoni. Kazi ya kufungua sanduku lake la bati iliniangukia mimi. Chini ya kanga zake, ndani ya kitambaa cheupe cha kanisani, nilikuta viatu viwili. Cha kushoto kilikuwa laini, kimepakwa mafuta si muda mrefu. Cha kulia kilikuwa kigumu, ncha imejikunja, na kwenye matundu ya kamba kulikuwa na tope kavu la bwawa letu. Nilikaa sakafuni. Kwanza nilifurahi kwamba fisi hakukila. Kisha nikakumbuka desturi. Hakuna aliyewahi kuchukua kitu juu ya tuta lile bila kueleza.

Mzee Ndahani bado yuko hai, amebaki mifupa, analala nje kivulini mwa nyumba ya mjukuu wake. Nilimwamkia kwa Kigogo, akaitikia kwa kukisia. Ilibidi nipige kelele mpaka majirani wakatokea milangoni.

"Kiatu cha baba! Nani alikichukua?"

"Mama yako," alisema, kana kwamba ni jambo la wiki iliyopita. "Alikuja asubuhi mapema, akaeleza vizuri."

"Alisemaje?"

"Alisema binti yake alikitupa ili baba yake asisafiri. Alisema mumewe alimwona. Alikuwa anaoga nyuma ya zizi, akamwona mtoto anakimbia na kiatu kifuani. Akarudi ndani akawa anakitafuta chini ya kitanda, anacheka peke yake, ili mtoto asijue kwamba ameonekana." Mzee akajisogeza kivulini. "Nikamwambia sijasikia, arudie. Akarudia. Nikamwambia arudie tena. Lakini nilikuwa nimesikia mara ya kwanza."

"Sasa kwa nini ulimtaka arudie?"

"Alikuwa hajalia tangu msiba. Mara ya tatu akalia."

Nilimuuliza, kwa sauti ambayo kijiji chote kiliisikia, kwa nini basi hawakuniambia. Akaziba jicho lake, tabia yake ile ile.

"Alisema tukuache. Utakuja kumwambia mwenyewe ukikua."

Sikumwambia. Nilikua, nikaolewa, nikazaa, nikahamia mjini, nikawa namtembelea kila mwezi na unga na sukari, tukikaa wawili tu mchana mzima, na sikumwambia. Na yeye kila nilipoaga alinisindikiza mpaka pale bwawani, akasimama kidogo kwenye tuta akitazama maji, akanitazama mimi, kisha akasema haya mwanangu, nenda salama. Nilidhani anapumzisha magoti. Namkumbuka mama yangu sasa kwa namna ambayo sikumkumbuka hata wiki ya maziko.

Ndiyo maana nilifunga meza yangu Majengo, nikapanda basi la pwani, na kujifunza kuzama katika umri wa watu kujifunza kupumzika.

"Twende tena?" aliniuliza Rehema, kicheko kimeisha.

Nikamwonyesha duara. Tukashuka. Maji ya bandari si ya picha za kalenda. Ni ya kijani, machafu kiasi, unaona urefu wa chumba tu. Tishari lilijitokeza kidogo kidogo, kwanza ukingo, kisha ubavu wote umelalia mchanga, umeota magamba na chaza. Ubavuni bado yalining'inia matairi, yale wanayofunga ili chombo kisigonge gati. Samaki wadogo wa mistari walikuwa wakitoka katikati ya tairi moja na kuingia jingine. Hakukuwa na kitu cha baba. Sijui nilitegemea nini. Nilifika kwenye sitaha nikaiwekea kiganja, na mkono ukateleza mara moja. Nikajaribu tena, ukateleza. Utelezi ule sasa ni wa majani ya baharini, si mafuta, najua. Lakini bamba lenyewe lilikuwa limelala mwinamo kama paa la nyumba, na nilielewa kwa mkono wangu kwamba likishalala hivi hapasimami mtu, mwenye katambuga wala mwenye viatu vya kanisani.

Nikaeleza. Mpira ukiwa mdomoni sauti hutoka kama ya mtu anayeongea ndani ya gunia, lakini nilieleza. Nilisema ilikuwa asubuhi, ulikuwa unaoga, nilichukua kiatu cha kulia nikakitupa kwa sababu nilitaka ubaki. Nilisema uliponiita sikuja. Mapovu yakapanda yote juu. Nikarudia kwa nguvu zaidi. Rehema alisogea, macho yamemtoka ndani ya miwani, akaniuliza kwa ishara kama niko salama, nikamwonyesha duara, nikarudia mara ya tatu. Hapo ndipo nilipojua kwamba inawezekana kulia ndani ya miwani ya kuzamia.

Kwetu ukishaeleza, unapewa chako. Nikasubiri kidogo, mikono nimeifungua. Samaki walipita. Rehema aliniacha nikae hivyo, kisha akanigusa bega na kunionyesha kipimo cha hewa, kilikuwa kimeshuka.

Nikainua dole gumba.